Mashairi ya Mzaha katika Darasa Letu la Nyangwe

Mtu akifika Nyangwe siku ya soko hawezi kudhani kwamba mtoto wa hapa anaweza kuogopa kusema. Soko letu linaendeshwa kwa maneno. Mama mwenye samaki anamwita mnunuzi kwa mzaha, mnunuzi anajibu kwa mzaha zaidi, walioko pembeni wanaongeza chumvi, bei inashuka kidogo, watu wanacheka, samaki anaondoka. Jambo hili si la jana. David Livingstone alipokaa hapa mwaka 1871 aliliona soko hili la wanawake kando ya Lualaba, akaandika juu ya wingi wa watu na jinsi walivyofurahia kubishana bei na kuchekeshana. Ni soko hilohilo lililopigwa risasi na watu wa wafanyabiashara wa pwani tarehe 15 Julai 1871, mamia wakafa, wengi wao majini. Msiba huo wasomaji wa kijitabu hiki wanaujua. Sisi tunataka kukumbusha neno moja tu: Cameron alipopita mwaka 1874, na Stanley mwaka 1876, walikuta soko bado lipo na watu bado wanaongea. Nyangwe haikunyamaza.

Sasa, mchukue mtoto wa yule mama wa samaki, umsimamishe mbele ya ubao. Asubuhi alikuwa sokoni akimsaidia mama yake, akamshinda mnunuzi mzima kwa maneno. Saa nne anaitwa darasani aseme sentensi mbili tu, na hapo anakuwa bubu. Macho yanatazama chini, kidole kinachora ukutani, ulimi umekauka. Mwalimu anaandika: «Hajui.» Kumbe anajua. Tumefundisha katika sekondari zaidi ya miaka kumi na tano, na jambo hili tumeliona kila mwaka, katika kila darasa. Katika kurasa hizi tunataka kueleza tulivyojaribu kulitibu kwa dawa ya wazee wetu wenyewe, nayo ni kicheko cha watu wengi kwa pamoja.

Kwanza tuseme ukweli juu yetu, maana mganga afadhali aonyeshe kidonda chake. Mwaka 1989, nchi ilipoitwa bado Zaire, tulikuwa na miaka kumi, tunasoma shule ya msingi. Siku ya kutangaza matokeo ya mwisho wa mwaka, ile tunayoiita proklamasio, mwalimu alituchagua tukariri hadithi ya La Fontaine kwa Kifaransa mbele ya wazazi wote. Tulikuwa tumeishika yote, hata usingizini tuliisema. Tulisimama peke yetu juu ya meza. Tulisema mistari miwili. Mstari wa tatu ukakimbia. Palikuwa kimya, halafu mtu mmoja akacheka, halafu uwanja wote. Mwalimu alitushusha mezani kwa sikio, na wiki nzima iliyofuata watoto walituita kwa jina la mnyama wa hadithi ile. Kuanzia siku hiyo mpaka mwaka wa nne wa sekondari hatukuinua kidole darasani hata mara moja. Majibu tulikuwa nayo, tukayapeleka nyumbani kila jioni kama mtu anayerudi na samaki wake asiyeuzwa.

Tulipoingia Institut Supérieur Pédagogique tulifundishwa namna ya kufundisha usemi: malengo ya somo, hatua za somo, maswali ya mwalimu, majibu yanayotarajiwa. Ni mambo mazuri, na mpaka leo yanatusaidia. Lakini hakuna aliyetufundisha la kufanya na hofu ya mtoto. Daftari la matayarisho halina mstari wa kuandika hofu.

Jibu tulilipata nyumbani, jioni moja, tukimsikiliza mama mmoja mzee wa familia yetu akitoa hadithi kwa wajukuu. Tulikuwa tumemsikia mara mia, lakini jioni ile tulimtazama kwa macho ya mwalimu. Tuliona kwamba hakusema peke yake hata dakika tano. Alianza, watoto wakaitika. Alifika penye wimbo wa hadithi, watoto wakaupokea. Mtoto mdogo kabisa, wa miaka mitatu hivi, hakujua hadithi, lakini aliujua mwitikio, na alipoitika pamoja na wengine alijiona naye ni msimulizi. Baadaye vikaja vitendawili. Aliyeshindwa hakupigwa wala hakutolewa nje. Alilipa mji wa uongo na mchezo ukaendelea. Halafu babu akaanza utani wake wa siku zote: anamwita mjukuu wa kike «mke wangu», anamlaumu kwamba chakula cha leo hakina chumvi, na yule binti mdogo, ambaye mbele ya baba yake hathubutu kuinua sauti, anamjibu babu: «Nenda basi utafute mke mwingine mwenye meno, miye sitaki mume wa kula uji!» Watu wote wanaanguka kwa kicheko, babu akiwa wa kwanza.

Hapo tukaelewa. Kwa desturi zetu mtoto haanzi kusema peke yake. Anaanza kwa kuitika pamoja na wengine, kisha anajibu, na mwisho kabisa ndipo anasema yeye mwenyewe. Shule imeichukua ngazi ile na kuipindua chini juu: inamtaka mtoto aanze kwenye kidato cha mwisho, peke yake, tena kwa lugha ambayo hakuinyonya kwa mama. Akianguka tunasema hana akili.

Mwaka 2018 tulikuwa na darasa la saba la elimu ya msingi, lile ambalo zamani tuliliita sekondari ya kwanza. Wanafunzi walipita sitini, umri wao miaka kumi na mbili au kumi na tatu. Wengi walikuwa wa hapahapa, watoto wa Wagenia wa mtoni, wa Wakusu, wa Wazimba. Wengine walikuwa wametoka upande wa Kabambare, ambako vita vya makundi ya silaha viliwafukuza watu vijijini. Kila mmoja na matamshi yake ya Kiswahili, na kila mmoja anaogopa kuchekwa na mwenzake. Tuliwagawa katika vikundi vya watu sita sita. Kila kikundi tulikichanganya: wawili wenye mdomo, wawili wa katikati, wawili walio kimya. Kisha tukawaambia: tutengeneze shairi la kuchekesha, Kiswahili chetu hiki tunachosema, na mtalisema pamoja chini ya mwembe siku ya Jumamosi.

Mara ya kwanza waliona aibu. Mmoja akauliza: «Mwalimu, mzaha nao una pointi?» Tukamjibu: «Una pointi kumi.» Basi, kazi ikaanza.

Shairi la kwanza lililosimama vizuri lilikuwa la baiskeli. Msomaji anajua kwamba katika Maniema yetu baiskeli ndiyo lori. Chumvi, sabuni, mafuta ya mawese, mgonjwa, hata jeneza, vyote vinapita juu ya baiskeli, na baba wengi wa wanafunzi wetu wanaishi kwa kuisukuma kwenye barabara ya Kasongo. Watatu waliuliza, watatu wakajibu:

Baiskeli ya Baba haina breki!
– Inasimama namna gani?
– Inauliza mti wa mwembe!

Baiskeli ya Baba haina kengele!
– Watu wanaikimbia namna gani?
– Baba mwenyewe ndiye kengele!

Shairi la pili lilizaliwa kwa sababu ya uvivu. Kijana mmoja alikuja bila kaye ya mazoezi, akasema mbuzi ameila. Siku nyingine tungemkasirikia. Siku ile tulimwambia: «Vizuri. Basi lete mbuzi darasani, katika shairi.» Kikundi chake kikatunga haya, nasi tulisaidia kidogo tu:

Kaye ya hesabu iko wapi?
– Mbuzi amekula!
– Sasa anahesabu?
– Moja kwa mdomo, mbili kwa tumbo!

Kaye ya historia iko wapi?
– Mbuzi amekula!
– Anakumbuka nini?
– Anakumbuka jana alikula ya jiografia!

Kaye ya Kifaransa iko wapi?
– Mbuzi amekula yote!
– Wee Mbuzi, toka katika shamba la watu!
– Mais! Mais! Mais!

Msomaji aliyepita shuleni ameshacheka, hana haja ya maelezo. Sisi tulicheka mpaka tukashika mti. Na tuone jambo lenyewe: wale watoto walikuwa wamecheza na neno la Kifaransa, lugha ileile iliyokuwa ikiwatisha. Mtu hawezi kucheza na kitu anachokiogopa sana. Siku anapocheza nacho, hofu imeanza kuondoka.

Tuliweka utaratibu wa wiki nne, nao mwalimu yeyote anaweza kuujaribu bila franka moja. Wiki ya kwanza kikundi chote kinasema mistari yote pamoja. Hapo walio kimya wanafungua midomo tu, wengine hata sauti haitoki, nasi hatusemi neno. Wiki ya pili kikundi kinagawanyika upande wa kuuliza na upande wa kujibu. Wiki ya tatu wanasema wawili wawili, na kila mtu anamchagua wake. Wiki ya nne kila mmoja ana mstari wake mmoja, lakini wenzake wako karibu, bega kwa bega. Akisahau, anayemfuata anamshika mkono na kusema naye. Sharti letu moja lilikuwa kali: hakuna kushuka jukwaani kwa sababu umesahau. Mnashuka pamoja, au mnamaliza pamoja.

Katika darasa lile palikuwa na binti mmoja aliyetoka upande wa Kabambare, akikaa kwa shangazi yake. Miezi miwili hatukuisikia sauti yake. Tukiita majina asubuhi, wengine wanaitika, yeye anainua kidole. Kazi zake za kuandika zilikuwa safi. Tulimwita kando mara moja, tukamuuliza kama ni mgonjwa, akatikisa kichwa. Shangazi yake alitueleza: «Hata nyumbani anasema kidogo. Mwalimu, usimlazimishe.» Hatukuuliza aliona nini huko barabarani alikopita. Kuna maswali ambayo mwalimu hana haki nayo.

Yeye alikuwa katika kikundi cha mbuzi. Wiki ya kwanza alisimama tu. Wiki ya pili alisimama tu. Walipogawana mistari, kila mmoja akichukua wake, hakuna aliyejua la kumpa. Mwishowe mwenzake mmoja, msichana wa Kigenia asiyeogopa kitu, akasema: «Yeye awe Mbuzi. Mbuzi hana maneno, ana kulia tu.» Tulitaka kukataa, tukidhani ni kumdharau mtoto. Lakini yeye mwenyewe akainua kidole chake, kama anavyofanya asubuhi. Alikubali.

Jumamosi ile chini ya mwembe shairi likaenda mpaka mwisho, wenzake wakamgeukia: «Wee Mbuzi, toka katika shamba la watu!» Pakawa kimya. Sisi moyoni tuliikumbuka meza ya mwaka 1989. Halafu sauti ndogo, nyembamba, kama ya mwana-mbuzi kweli: «Mais!» Watu wakalipuka. Akashtuka, akatazama, akaona kwamba wanamcheka Mbuzi, hawamcheki yeye. Akarudia kwa nguvu: «Mais! Mais!» Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza katika masomo yetu.

Hapa ndipo siri ya kazi hii yote ilipo. Mtoto anaogopa kicheko kama watu wa mto wanavyoogopa mamba. Sisi walimu tunajitahidi kukifukuza kicheko darasani, tunapiga meza: «Hakuna kucheka!» Hakifukuziki. Kinajificha na kungoja mtu akosee. Shairi la mzaha linakileta mbele, linakipa kazi, linakionyesha cha kucheka: breki, mbuzi, njaa, mbu. Kikishapata chakula chake, kinamwacha mtoto salama.

Lakini tusijisifu sana, maana mwaka uliofuata tulikosea, na kosa lilikuwa letu. Kikundi kimoja kilitunga shairi juu ya mama mmoja anayeuza mikate ya mafuta karibu na shule. Mama huyu anachechemea, na wale watoto waliweka mwendo wake katika kibwagizo, tena wakauigiza kwa miguu. Sisi tulikuwa tunasahihisha kazi nyingine, tulisikia kicheko, tukafurahi bila kusikiliza. Hatukukumbuka kwamba mtoto wake yuko katika darasa lile. Kijana alicheka na wengine siku ile. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Siku ya nne tulimfuata nyumbani.

Tulimkuta mama yake jikoni anakanda unga. Tuliomba radhi. Alitusikiliza mpaka mwisho, halafu akasema maneno ambayo tumeyaandika ndani ya jalada la daftari letu: «Mwalimu, kuchekwa si kitu. Miye nacheka watu sokoni kila siku, nao wananicheka. Lakini pale nipo, najibu. Ninyi mmenicheka mahali sipo. Na mtoto wangu mmemchekesha juu ya mama yake, namna gani atajibu?»

Tulirudi nyumbani tumeinamisha kichwa. Mama huyu hakusoma ualimu, lakini alikuwa ametueleza sheria ya utani wetu kuliko kitabu. Utani wa babu na mjukuu, utani wa mashemeji, hata ule wa sokoni, wote una mlango wa kutokea: anayetaniwa ana haki ya kujibu, naye anajibu palepale, na jibu lake mara nyingi linashinda. Mzaha usio na jibu ni matusi yaliyovaa nguo ya sikukuu. Tangu siku ile tuna masharti matatu. Hatucheki mwili wa mtu, wala umaskini wake, wala kabila lake. Tukimtaja mtu, awe yupo na awe amekubali. Na kila shairi lazima liwe na nafasi ya jibu.

Wale watoto walikwenda wenyewe kwa mama yule kuomba radhi, wakamwomba ruhusa ya kutunga jingine, si juu ya mguu, bali juu ya mikate. Alikubali kwa sharti la kuwepo. Siku ya proklamasio, mbele ya wazazi, watoto walisema, na mtoto wake akiwa mmoja wao:

Mkate wa Mama ni mdogo, ni mdogo!
– Ni mdogo namna gani?
– Ukiupiga chafya, umepotea!

Walimgeukia Mama, aliyekuwa amesimama nyuma na beseni lake. Naye hakungoja: «Mkate ni mdogo juu deni yenu ni kubwa!» Uwanja mzima ulicheka kwa muda mrefu, na baba wawili watatu tunaowajua walitazama pembeni, maana deni lile walilijua. Kijana wake alisimama katikati ya wenzake, kifua mbele. Wengine walisema proklamasio ile ilikuwa nzuri kuliko zote. Sisi tulifikiri tu kwamba mtoto huyu angeweza kuwa amekwisha acha masomo kwa sababu ya kicheko tulichokiruhusu sisi.

Watu wengine watauliza: je, jambo hili ni la Nyangwe peke yake? Hapana. Tanzania wana ngonjera, mashairi ya kujibizana ambayo wanafunzi wanayasema jukwaani kwa makundi. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeyakuza sana. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971. Ngonjera zile zilikuwa na kazi ya kufundisha siasa na maadili ya taifa, kwa hiyo mara nyingi mjinga anabishana, mwenye hekima anamweleza, na mwisho wote wanakubaliana. Kenya nao, katika tamasha la muziki la shule, wana vikundi vya wanafunzi vinavyokariri mashairi kwa sauti moja. Sisi hatukuwaiga, wao na sisi tumechota katika kisima kimoja, cha mmoja kuanza na wengi kupokea. Tofauti yetu labda ni kwamba mashairi yetu hayamalizi kwa fundisho. Yanamaliza kwa mbuzi.

Kuna mzazi mmoja aliyekuja kutugombeza. Alisema: «Mwalimu, miye nalipa masomo mtoto ajue Kifaransa. Mbuzi ninao nyumbani.» Tulimheshimu, maana pesa yake ni ya jasho. Tulimjibu kwamba mtoto asiyeweza kufungua mdomo kwa Kiswahili hataufungua kwa Kifaransa. Mdomo ni mmoja. Tukamkumbusha tena kwamba Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, na kwamba sheria ya elimu ya mwaka 2014 imezipa lugha hizi nafasi katika shule ya msingi. Kiswahili chetu, ambacho wengine wanakiita Kingwana kwa kukidharau, kilikua hapa kati ya watu wa lugha nyingi waliohitaji kusikilizana sokoni na safarini. Hakiwezi kuwa najisi darasani. Mzazi alisema ataona. Mwisho wa mwaka alikuwa mstari wa mbele, na katika shairi la baiskeli alijijua mwenyewe, akapiga kengele ya mdomo.

Tuseme pia pale ambapo dawa hii haikufika. Tulikuwa na kijana mwenye kigugumizi. Katika kikundi, sauti moja na wenzake, alisema bila kukwama hata kidogo, mpaka mama yake akalia. Wataalamu wa usemi wanalijua jambo hili: mwenye kigugumizi mara nyingi hakwami anaposema pamoja na wengine. Sisi tulidhani amepona. Wiki ya nne, na mstari wake peke yake, kigugumizi kilirudi kama mgeni aliyesahau kofia. Hakupona. Lakini wenzake walikuwa wameishaisikia sauti yake ikitembea bila mzigo, na tangu hapo walikuwa wanamngoja amalize. Kungojwa na wenzako nako ni kitu.

Tumalizie na yule binti wa Mbuzi. Mwaka wa pili wa kuwa naye, mkaguzi alitembelea darasa letu. Mkaguzi ni mtu mkubwa, na siku hiyo hata ubao unaoshwa mara mbili. Alifundisha yeye mwenyewe robo saa, kwa Kifaransa kizuri kirefu, halafu akauliza kama tumeelewa. Darasa zima likaimba wimbo ule ambao kila mwalimu wa nchi hii anaujua: «Ouiii!» Sisi tulikuwa nyuma ya darasa, na tuseme kweli, sisi pia hatukuwa tumeelewa vizuri.

Kidole kimoja kikainuka. Mkaguzi akampa ruhusa. Alisimama wima, akasema polepole: «Mais, Monsieur l'Inspecteur... non.»

Darasa lilikishika kicheko kwa mikono miwili, maana wote tulimsikia Mbuzi. Mkaguzi hakujua habari ya mbuzi. Alinyamaza kidogo, akatazama darasa, akauliza tena: «Ni nani mwingine hakuelewa?» Vidole vikainuka kimoja kimoja, mpaka vikawa nusu ya darasa. Akaanza somo upya, kwa maneno mafupi, na safari hii akachora ubaoni.

Ndugu walimu wenzetu, na ninyi wazazi mnaosoma kurasa hizi, sisi hatutafuti watoto wa kusema hotuba. Wasemaji tunao wengi nchini. Tunatafuta mtoto anayeweza kusimama mbele ya mkubwa, kwa adabu, akasema sikuelewa. Wazee wetu walijua kumfikisha hapo: jioni, kando ya moto, wengi pamoja, kwa kicheko. Moto ule katika nyumba nyingi umezimika, kwa vita, kwa kukimbia, kwa simu, kwa uchovu wa wazazi. Kama nyumbani hauwaki tena, tuuwashe chini ya mwembe wa shule. Jumamosi ijayo tunaanza na darasa jipya. Shairi lao ni la mbu aliyeingia chandarua na kushindwa kutoka, na jibu la mbu bado hawajalipata.